Choki ya Kiganja

Mtaani walimwita Chapchap, na msidhani jina lilimuudhi. Alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Ukimpelekea jenereta iliyogoma, pampu iliyozimika au mashine ya kukata nyasi inayotapika moshi mweusi, hakukuambia uiache urudi kesho. Alikuambia, "Kaa hapo kwenye kreti, hata soda yako hutaimaliza." Na kweli, soda haijafika nusu, mashine inanguruma. Watu wakamsifu, na zile sifa zikamwingia kichwani zikajipangia chumba humo.

Kile asichoweza kukimaliza papo hapo alikiahidi Jumamosi. "Nitarudi Jumamosi na spea." Jumamosi za Chapchap zilikuwa nyingi kuliko za kalenda. Wateja walimtania kwa hilo, naye akacheka pamoja nao. Sasa hacheki. Lakini tusikimbilie huko, twende pole pole, maana mbio ndizo zilizotufikisha hapa.

Siku ya tisa tangu wamzike mama yao, saa nne asubuhi, mdogo wake wa mwisho alifika karakana. Nyuma yake msukuma mkokoteni alikuwa anahema, na juu ya mkokoteni kulikuwa na ile jenereta nyekundu ya nyumbani kwa mama.

"Fundi, pokea mzigo wako," alisema msukuma mkokoteni. "Kilima chote hiki! Hii kitu nzito kuliko ndoa yangu."

Hakuna aliyecheka. Msukuma mkokoteni akatazama sura mbili zile, akaelewa kwamba mzaha wake umeangukia pabaya, akaishusha mashine taratibu na kwenda kukaa kivulini ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona hukuniita nije kuichukua mwenyewe?"

Binti alikuwa amekonda, macho yamezama, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kifundo mpaka vidole. Alilivuta kreti la soda, akakaa, akasema, "Ifungue mbele yangu. Nataka kujua kama ni mimi."

Chapchap alijua anachouliza. Hata wewe utajua sasa hivi.

Mapafu ya mama yao yalikuwa yamechoka kwa miaka miwili. Kando ya kitanda chake kulikuwa na mashine ya kumpa hewa kwa mpira wa puani, na mashine hiyo ilitaka umeme usiku na mchana. Ndiyo maana jenereta ile iliwekwa kibaraza cha nyuma. Watoto walikuwa watatu: kaka mkubwa mwenye kazi yake ofisini na sauti yake ya kuamuru, Chapchap, na huyu kitindamimba ambaye hakuolewa wala kuondoka, akabaki kumwogesha mama, kumlisha na kumgeuza. Umeme ukikatika, kazi ya kuwasha jenereta ilikuwa yake. Alikuwa ameiwasha mara nyingi sana, wala hakuna aliyewahi kumpongeza kwa hilo.

Siku ile umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Alikimbia kibarazani akavuta kamba, na jenereta haikuwaka. Akavuta tena na tena. Jirani wa ukutani alisikia kamba ikivutwa mpaka akaacha kufua, akapiga kelele kuuliza kuna nini. Binti alivuta mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Kati ya mvuto na mvuto alikuwa anakimbia ndani kumwinua mama mgongo, kisha anarudi nje. Alimpigia Chapchap mara tatu, lakini simu ilikuwa kwenye shati lililotundikwa msumarini, na Chapchap alikuwa kando ya injini ya mteja inayopiga kelele. Mara ya mwisho aliporudi chumbani, mama hakuhitaji tena kuinuliwa.

Msibani, sebule imejaa, kaka mkubwa alisimama akasema, "Mimi naomba nielezwe. Mashine ilikuwepo. Mafuta yalikuwemo. Mtu alikuwepo. Kilichokosekana ni nini?" Akamgeukia Chapchap. "Wewe ndiye fundi. Mashine ilikuwa na ubovu wowote?"

Na Chapchap, mbele ya watu wote, akajibu kwa moyo mweupe kabisa: "Hapana. Niliitengeneza mwenyewe juzi juzi tu. Ilikuwa inawaka mvuto mmoja."

Macho yote yakamwendea binti. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba watu wengine wakiingiwa na hofu hata mlango wao hawauoni. Tangu hapo binti alipita kati ya watu kichwa chini, akigawa chakula asichokila yeye mwenyewe.

Basi hilo ndilo lililokuwa kwenye meza ya Chapchap asubuhi ile. Kati ya mashine na mtu, mmoja alimnyima mama pumzi, na mdogo wake alitaka kujua ni nani.

Moyo ulimuuma. Akaamua, kabla hajashika hata bisibisi, kwamba atamdanganya. Uongo wa huruma. Ataitazama mashine kidogo, atatingisha kichwa, atasema plagi ilikufa ghafla, hizi plagi za siku hizi takataka tupu, si kosa lako mdogo wangu. Kisha ampeleke nyumbani akale. Alijiona kaka mwema kweli kweli.

"Haya," alisema, "tuanze na mafuta."

Alifungua tangi akanusa. Alimimina kidogo kwenye chupa angavu akaiinua juani: petroli safi, haina maji wala uchafu. Akafungua bomba, mafuta yakashuka vizuri mpaka kwenye kabureta. Mdogo wake alifuata kila kitu kwa macho, kama mtu anayehesabiwa chenji na asiyemwamini muuzaji.

"Mafuta mazima," alisema Chapchap. "Sasa plagi." Hapo ndipo uongo wake ulipokuwa umepangiwa kukaa.

Aliichomoa plagi, akaitazama, akaigeuza akaitazama tena.

Ilikuwa kavu. Akaipitishia kidole gumba, kavu kabisa, haina harufu wala utando. Nieleze kidogo, maana hapa ndipo shauri lilipogeukia. Mtu asiyejua kazi akivuta kamba mara arobaini na choki imefungwa, plagi hulowa petroli chapa, ukiichomoa inanuka na kudondoka, na hata zikipita siku kumi harufu na utando mweusi hubaki. Hilo ndilo kosa la mwenye hofu, na ndilo Chapchap alilokuwa analitegemea moyoni bila kulisema. Lakini plagi kavu baada ya mivuto yote ile inasema jambo jingine. Inasema injini ilikuwa inavuta hewa tupu, petroli haifiki, choki haifungi.

Akaigusisha plagi kwenye chuma, akavuta kamba kidogo. Cheche ya buluu ikaruka, nzuri, yenye afya. Uongo wake ukafa hapo hapo.

"Vipi?" aliuliza mdogo wake. "Ndiyo hiyo mbovu?"

"Subiri kwanza."

"Kaka, uliposhika hiyo plagi uso wako ulibadilika. Mimi si mtoto."

"Nimesema subiri, bwana!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Akageuza mashine, mgongo wake ukamkinga mdogo wake asione, akabandua klipu mbili za kifuniko cha chujio la hewa.

Choki yenyewe ni kitu kidogo tu. Ni kibati cha mviringo, upana wa sarafu, kimekaa kwenye mdomo wa kabureta pale hewa inapoingilia. Injini ikiwa baridi unakifunga kwa mshikio wa nje, ili ivute petroli nyingi na hewa kidogo. Ikishawaka na kupata joto, unakifungua ipumue. Kibati kikishika kutu na utando wa petroli iliyokauka, kinanata. Kikinata kimefungwa, injini inasongwa, inakohoa moshi mweusi na kuzima. Dawa ya kweli ni kufungua kabureta yote, kusafisha, kubadilisha kile kijiti kinachobeba kibati. Ni kazi ya nusu siku.

Ile dawa ya Chapchap ilikuwa ya dakika kumi. Alikuwa anachomoa kijiungo kati ya mshikio na kibati, anakifunga kibati kwa waya kikae wazi moja kwa moja, basi. Na siku injini ikiwa baridi? Hapo unabandua kifuniko, unaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, unavuta kamba, ikiwaka unatoa mkono. Choki ya kiganja, ndivyo wateja wake walivyoiita, na kila mmoja Chapchap alimfundisha pale pale kwenye kreti, soda mkononi.

Chini ya kifuniko kulikuwa na waya.

Ulikuwa waya mwembamba wa shaba, umesokotwa mara tatu, na ncha yake imekunjwa kwa ndani ili isichome kidole. Hakuna fundi mwingine mtaani aliyejisumbua kukunja ile ncha. Ilikuwa kama kuona mwandiko wake mwenyewe.

Yote yakamrudia. Wiki tatu kabla ya msiba, mdogo wake alipiga simu: kaka, choki ya jenereta inanata, inawaka lakini inakohoa na kuzima. Alikwenda mchana. Aliifungua kibarazani, akaona kutu, akasema moyoni hii ya Jumamosi, akafunga waya kwa muda. Akaziba kwa kiganja, ikawaka. Akaiacha ingurume robo saa ili aitazame moshi, akaizima, akamwita mdogo wake. "Njoo ujaribu mwenyewe." Injini ilikuwa ya moto. Injini ya moto haihitaji choki, humwakia yeyote. Binti alivuta mara moja, ikawaka, akapiga makofi. Chapchap alikuwa amefungua mdomo amweleze habari ya kiganja, simu ikalia, pampu ya mteja imegoma shambani. Akachukua sanduku lake. Kutoka ndani mama aliita kwa ile sauti yake ya kukatika katika, "Unaondoka hata maji hujanywa?" Naye akajibu akiwa mlangoni, "Jumamosi, mama, nitakaa."

Jumamosi hakwenda. Alikwenda Jumapili moja, mikono mitupu, na kwa bahati umeme ukakatika akiwepo, mara pekee katika wiki zile tatu. Mdogo wake alikuwa ndani anamshika mama, yeye akatoka nje, akabandua kifuniko, akaziba, akavuta, akafunga. Mikono ilifanya yenyewe huku akili iko kwenye mpira wa miguu redioni. Hakumwambia mtu. Hakuona kama kuna cha kuambia.

Na kulikuwa na jambo moja baya zaidi. Siku mbili baada ya kuitengeneza, mdogo wake alimpigia kumshukuru. "Kaka, nilikuwa naipangusa vumbi, ule mshikio umekuwa laini! Zamani nilikuwa nausukuma kwa mikono miwili, sasa unakwenda wenyewe." Naye alicheka akasema, "Ndiyo kazi ya fundi." Ulikuwa laini kwa sababu haukushika kitu tena. Siku ile ya msiba binti alifanya yote alivyofundishwa. Alifungua bomba, akasukuma mshikio mpaka mwisho, akavuta kamba. Mshikio ulikuwa unabembea bure.

Chapchap alisimama hapo, mgongo umemkinga, koleo mkononi. Tusimfiche, tuseme ukweli wake: alifikiria kuukata ule waya. Mkato mmoja, kijiungo kirudi mahali pake, waya mfukoni. Nani atajua? Mdogo wake hajui kabureta kutoka kwa kikaango. Lakini amwambie nini? Akisema choki ilikuwa inanata, atauliza, si uliitengeneza? Akisema mashine haina ubovu, basi amemmaliza. Hakukuwa na njia ya katikati, alizitafuta zote.

Na katika kule kutafuta, mkono wake wa kushoto ukafanya ulichozoea. Wallahi hakuutuma. Alirudisha plagi, kiganja kikaenda kwenye mdomo wa kabureta, mkono wa kulia ukavuta kamba.

Mvuto mmoja tu. Ikanguruma karakana nzima, bisibisi zikacheza mezani.

Hakuizima. Aliogopa kimya kitakachofuata. Dakika mbili, tatu, aliiacha ingurume, macho yake ukutani. Hatimaye akabonyeza swichi, akageuka.

Mdogo wake alikuwa amesimama. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa anaitegemea.

"Kwa hiyo inawaka," alisema.

"Ngoja..."

"Mvuto mmoja, kama ulivyosema msibani. Asante, kaka. Nilitaka tu kujua, sasa nimejua." Alijaribu kujifunga mtandio kwa mkono mmoja, ukamshinda, akauacha uning'inie. "Wala usiwalaumu wanaosema. Wana haki yao."

Akatoka. Alimpungia msukuma mkokoteni, naye akainuka kivulini akipangusa suruali. Chapchap alimwona mdogo wake anaivuka barabara, hatua fupi fupi, kama mzee. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angenyamaza tu, hakuna kitu kingine cha kufanya, na dunia ingeendelea.

"Rudi!" Sauti yake ilipasuka mpaka msukuma mkokoteni akashtuka. "Rudi hapa, mdogo wangu. Hukuona mkono wangu."

Alirudi. Chapchap akamwonyesha waya. Akamwonyesha kijiungo kinachoning'inia bila kazi, akamwambia asukume mshikio, akausukuma, kibati hakikutikisika hata kidogo. Alieleza yote, tangu kutu mpaka Jumamosi, kwa haraka kwanza, kisha maneno yakaanza kumkwama.

"Sijaelewa," alisema mdogo wake. "Mbona sasa hivi imewaka?"

"Niliziba kwa kiganja."

"Nionyeshe. Niivute mimi bila hicho kiganja."

"Sasa hivi haifai. Imeshika joto, itakuwakia tu. Ndilo kosa lenyewe hilo, nilikujaribishia ikiwa ya moto. Mpaka ipoe."

"Tutasubiri ipoe."

Wakasubiri. Saa nzima na zaidi, fundi anayesifika kwamba hata soda huimalizi alikaa sakafuni kusubiri chuma kipoe. Mteja mmoja alichungulia na pampu begani, akaona hali, akaenda zake. Chuma kilikuwa kinalia tik, tik, kikipoa. Mdogo wake alikuwa akikigusa mara kwa mara kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akimgusa mama paji la uso.

Kilipopoa akainuka, akashika kamba kwa mkono wa kushoto, akavuta. Hola. Akavuta tena mara sita, saba, nane, na sasa Chapchap alikuwa anasikia kile alichokisikia jirani. Alitaka kumwambia basi, inatosha. Hakuthubutu.

"Sasa ziba," alisema mdogo wake akihema.

Chapchap akaweka kiganja. Binti akavuta. Ikawaka.

Aliiacha ingurume kidogo, kisha akaizima mwenyewe. Alikaa kitambo akiutazama mkono wake wenye bandeji, akaugeuza juu, chini.

"Ni mkono tu?" aliuliza. "Hakuna kifaa kingine?"

"Mkono tu."

"Mkono nilikuwa nao, kaka."

Hapo Chapchap akalia, kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, mafuta machafu yakimpakaa usoni kila alipojifuta. Alisema nisamehe, akasema tena. Mdogo wake alichukua koleo mezani, akakata ile ncha iliyokunjwa ya waya, akaifunga kwenye pindo la mtandio wake, mafundo mawili.

"Twende kwa kaka mkubwa," alisema.

"Nitampigia simu, nitamweleza kila..."

"Si simu. Ulisema mbele ya watu, utasema mbele ya watu. Shangazi naye aitwe, na yule jirani aitwe."

Chapchap alifuta macho. Na mtu ni mazoea, jamani, hata katika saa kama ile, kwa sababu kinywa kilitangulia kabla yake: "Basi Jumamosi, wote watakuwa nyumbani, nitakuja..."

Mdogo wake akalishika lile pindo la mtandio.

Kinywa kikafungika. Akanawa mikono kwenye ndoo, akavua ovaroli, akavaa shati lake lililokuwa msumarini. Msukuma mkokoteni akauliza kama mashine inarudi pia, akaambiwa ndiyo, inarudi, na ule waya uliobaki usiguswe. Wakaipakia watatu. Chapchap akafunga karakana mchana kweupe, akawafuata.